Kibati Chekundu kwenye Ndoano ya Asali

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, wazimamoto wa kituo kile walikuwa wakikaguana. Kanuni ndiyo hiyo: hakuna anayepanda gari kabla mwenzake hajamtazama mtungi wa hewa mgongoni, mikanda ya mabegani na ya kiunoni, na barakoa, kisha akampiga kofi dogo juu ya kofia ngumu na kumwambia, "Uko salama." Usipoambiwa hivyo, hupandi. Hata mkuu wa kituo, enzi zile koti la moto lilipokuwa bado linamtosha, alikuwa hapandi.

Ngazi aliyapenda maneno hayo mawili kuliko wimbo wowote. Ngazi si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na kituo, kwanza kwa urefu wake, pili kwa sababu siku ya mazoezi ya kwanza aliikwea ngazi ya gari hadi kileleni, mpira wa maji begani, na huko juu akasahau kuogopa. Akawa anawapungia mkono wapita njia mpaka akaamriwa ateremke. Kiti chake garini kilikuwa nyuma ya dereva, dirishani. Alikitolea jasho kiti hicho, na alipokikalia alikikalia kama mtu aliye kwake. Kabla yake, mwanamke mmoja tu ndiye aliyewahi kupanda gari lile, naye siku hizi alikuwa chumba cha simu, akipokea miito ya watu waliopatwa na mikasa. Wote walimwita Dada wa Simu. Kituoni ilisemekana kwamba alichoka mwenyewe, akaomba kukaa chini.

Shida ya Ngazi ilikuwa kiti cha pembeni yake. Hapo alikaa Asali, na Asali ndiye aliyepangiwa kukaguana naye.

Asali alikuwa na meno mazuri, sauti nzuri na utani usiokauka. Wenzake walimpenda kwa sababu alijua kuchekesha chumba kizima huku amelala chali kwenye benchi. Lakini mkanda wa kiunoni una kifungo kimoja tu, nacho kiko mbele, kinaonekana hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara; na mikono ya Asali ilikuwa ikikitafuta kifungo hicho kila mahali isipokuwa pale kilipo. Ilianzia mbavuni, ikashuka, ikakawia.

"Tulia, mrembo," alikuwa akimnong'oneza. "Nakukagua ili nisije nikakuzika bure."

Siku ya kwanza Ngazi aliuondoa mkono ule kama mtu anayekung'uta siafu. Siku iliyofuata alimwambia waziwazi, "Asali, mikono yako ikae kwako." Asali akaenda na maneno hayo hadi kwenye chai. "Jamani, ngazi ya kituo chetu ina umeme," alitangaza. "Ukiigusa tu, unarushwa." Wenzake wakavunjika mbavu. Ngazi akanywa chai yake, nayo ikamshuka kama mchanga.

Alikuwa si mtu wa kulialia. Akapiga moyo konde, akaenda kwa Mkuu.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mwema, mpenda amani, na alikuwa na namna yake ya kutatua mambo: kitu kikiharibika, alikihamisha. Kiti kilichovunjika mguu cha chumba cha mikutano alikihamishia chumba cha chai, cha chumba cha chai kikahamia stoo, na sasa kilikuwa ofisini kwake, kimeegemezwa ukutani, na mgeni akielekea kukikalia Mkuu alimwonya kwa upole. Saa ya ukumbini ilipokufa, aliipeleka kwenye korido ambako watu hawapiti sana.

"Mwanangu," alimwambia Ngazi alipokwisha kumsikiliza, "Asali ndivyo alivyo. Ni utani wa kazini. Nyie watoto wa nyumba moja, mtamalizana."

Hawakumalizana. Asali alipojua kwamba amesemwa na hakufanywa kitu, akapata mbawa. Akaanza kumzibia njia kwenye chumba chembamba cha mipira ya maji, akidai anapita. Ngazi akarudi kwa Mkuu, safari hii bila kuketi.

Mkuu akamkunjulia uso. "Nimepata dawa. Kuanzia Jumatatu unahamia chumba cha simu. Kuna feni huko, na mwenzio atafurahi kupata wa kuzungumza naye."

"Na Asali?"

"Asali anabaki garini. Tukimtoa, nani atashika bomba?"

"Mimi."

Mkuu akatazama dirishani, kana kwamba jibu hilo lilikuwa la mtu aliye nje.

Jioni ile Ngazi alimkuta mama yake akikata kitambaa juu ya meza ya kulia. Mama alikuwa mshonaji, na alikuwa na kipaji cha kuzungumza huku pini zimejaa kinywani. Ngazi alimweleza yote, hata yale aliyokuwa amemficha.

Mama akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha mkononi. "Yaani nyumba inavuja, wao wanamhamisha anayelowa."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Nikupe sindano ya kushonea magodoro? Uichomeke mkandani, ncha nje. Akague vizuri."

"Nitafungwa, mama."

"Nitakuletea chakula."

Ngazi akacheka mpaka akalazimika kukaa chini, kisha katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Mama alimsogezea mabaki ya kitambaa ajifutie. Yalikuwa ya satini. Hayakufuta chochote, yaliyatandaza tu machozi, na hilo nalo likawachekesha.

"Kiti changu sikitoi," Ngazi alisema hatimaye.

"Sasa unaongea," mama akasema, akazirudisha pini kinywani.

Ijumaa, wiki ya mwisho ya Ngazi garini, kikosi kilikuwa kikisafisha vifaa. Mzee Breki, dereva wa gari, aliukuta mtungi mmoja wa hewa ukivuja hewa kwenye shingo. Aliitwa Breki kwa kuwa jambo likimkalia vibaya, alikuwa hasogei hata asukumwe. Akachukua kibati chekundu sandukuni, akaandika kwa chaki, "Kasoro: shingo inavuja," akakitundika.

Mkuu alikuwa akipita. "Mzee wangu, kesho kuna wageni kutoka makao makuu. Mtungi wenye kibati unatia aibu. Kiondoe, uuweke nyuma ya mingine."

Mzee Breki akaonyesha ukutani kwa kidevu. Huko, kwa maandishi meupe makubwa, ndiko kulikoandikwa kanuni ambayo kila mzimamoto aliikariri kabla hajapewa hata soksi za kazi: Kifaa chenye kibati chekundu hakitoki na gari. Kibati kitaondolewa na mkuu wa kituo peke yake, kasoro ikiisha kutengenezwa. Akikiondoa kabla, madhara yote ni juu yake na juu ya idara.

"Kiondoe wewe, Mkuu," Mzee Breki alisema kwa adabu. "Kwa mkono wako."

Mkono wa Mkuu ulikuwa umeshatangulia. Ukasita hewani, ukarudi mfukoni. "Basi upelekwe kwa fundi," akasema, akaondoka akikohoa.

Ngazi aliyaona hayo yote, kitambaa cha kusafishia kikiwa mkononi. Akaitazama ile kanuni. Akautazama ukuta wa ndoano, ambako kila mtu alitundika koti lake la moto, kofia yake na mikanda yake, na juu ya kila ndoano jina lake la kituoni. Akatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo.

Asubuhi ya Jumamosi Asali aliingia akiimba, kama kawaida yake. Wimbo ulimkatikia kooni. Kwenye ndoano yake, juu ya koti lake, kilining'inia kibati chekundu, na juu yake mwandiko mzuri wa chaki: "Kasoro: mikono. Mkuu ameambiwa mara mbili. Haijatengenezwa."

Wenzake walikuwa wamekwisha kukizunguka, vikombe mkononi. Mmoja alianza kucheka, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye, akakosa.

"Nani kanivisha nishani?" Asali akauliza, akakenua. Aliponyoosha mkono akitoe, Mzee Breki alikohoa.

"Usikiguse, kijana. Soma ukutani."

"Mzee, huu ni mchezo. Mimi si kifaa."

"Unatoka na gari?"

"Natoka, ndiyo."

"Watu wanategemea uwe sawasawa?"

"Wanategemea."

"Basi kwangu wewe ni kifaa." Mzee Breki akamgeukia Ngazi. "Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee."

"Na Mkuu anajua?"

"Anajua. Ndiyo maana Jumatatu naenda kukaa kwenye feni."

Mlango wa chumba cha simu ulikuwa wazi, na Dada wa Simu alikuwa amesimama hapo, waya wa simu umemfuata hadi ulipokomea. "Feni lenyewe halifanyi kazi," alisema. "Nalijua. Nililetwa kwalo."

Wote wakamgeukia.

"Mnanitazama nini? Mlidhani nimezaliwa na simu sikioni? Nami nilikuwa na ndoano hapo, ile ya mwisho karibu na dirisha. Enzi hizo aliyekuwa akikagua vibaya alikuwa mwingine, amekwisha kustaafu, mkampa na keki. Nilikwenda kwa Mkuu huyuhuyu. Akaniambia amepata dawa."

Mkuu alikuwa ametoka ofisini kuangalia kama ukumbi umefagiliwa kwa ajili ya wageni. Alisimama nyuma yao, na kwa uso wake ilionekana kwamba aliyasikia yote, na kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa anatafuta pa kujihamishia yeye mwenyewe.

"Vijana," alianza. "Haya mambo ya ndani..."

Simu ikalia. Dada wa Simu akarudi mbio, wakamsikia akiuliza, akirudia, akituliza. Kengele ikapigwa. "Duka la magodoro, mtaa wa pili kutoka sokoni. Moshi nyuma ya duka. Watu wametoka wote."

Hapo ndipo mambo yalipokaza. Mzee Breki alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani. Wazimamoto wawili walikuwa wakivaa. Ngazi alikuwa na koti mwilini. Asali alinyoosha mkono kwenye ndoano yake, na Mzee Breki akauzima mtambo.

"Gari langu halitoki na kifaa chenye kibati."

"Mkuu!" Asali aliita. "Kitoe tuondoke. Duka linaungua."

Mkuu alifika kwenye ndoano kwa hatua kubwa. Akakishika kibati kwa vidole. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, ndoano tu ndani ya kitundu. Lakini macho yake yalipanda yenyewe ukutani, yakayasoma maneno aliyokuwa akiwakaririsha wengine miaka yote: madhara yote ni juu yake na juu ya idara. Akamtazama Ngazi, ambaye hakumtazama, kwani alikuwa anafunga buti. Akautazama mlango wa chumba cha simu.

Akakiacha.

"Nipeni koti," alisema.

"La nani, Mkuu?"

"Lolote linalofunga."

Hakukuwa na linalofunga. Lililokaribia lilikuwa la mzimamoto mmoja mnene aliyekuwa likizo, nalo likamkaba Mkuu tumboni kama foronya iliyotiwa mito miwili. Alivuta pumzi, akafunga, akasimama mbele ya Ngazi, kwa sababu kanuni ni kanuni, na kiti kilichokuwa wazi ni kile cha pembeni yake.

Ngazi akautazama mtungi wake. Akavuta mikanda ya mabega kwa vidole viwili, kulia na kushoto. Akakitazama kifungo cha kiunoni, akakiona kinapigana vita vyake lakini kimeshika. Akatazama barakoa. Akampiga kofi juu ya kofia. "Uko salama."

Mkuu naye akamzunguka, akafanya vilevile: macho, vidole viwili, kifungo, barakoa. Kabla hajajua, amemaliza. Mkono wake ulibaki hewani.

"Ndiyo yote?" aliuliza.

"Ndiyo yote, Mkuu."

Akampiga kofi dogo juu ya kofia. "Uko salama," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

Moto wenyewe ulikuwa wa rundo la magodoro uani nyuma ya duka, moshi mwingi kuliko ndimi. Ngazi alishika bomba mbele, Mkuu nyuma yake akibeba mpira kama mtu aliyebeba mtoto wa mtu. Aliteleza kwenye povu, akakaa kitako juu ya godoro lililolowa, akainuka bila kusaidiwa. Mwenye duka, ambaye hakumjua Mkuu, alimwambia Ngazi, "Huyu kijana wako mpya anajitahidi." Ngazi akasema ndiyo, atakuja kuwa mzuri akipata mafunzo. Mkuu alisikia, akazidi kubeba mpira.

Waliporudi, wageni kutoka makao makuu walikuwa wamekwisha kufika. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wamesimama mbele ya ndoano ya Asali, shingo zimeinama wakisoma. Asali alikuwa kando yao, anaeleza kwa ile sauti yake nzuri, meno yote nje. Hawakuwa wanacheka.

"Mkuu," Asali alisema, "waambie. Utani tu. Kiondoe hiki kitu, watu wananidharau."

Mkuu alikuwa mweusi kwa masizi hadi masikioni. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba kibati ni cha vifaa, kwamba binti amekasirika kwa kuhamishwa. Badala yake alifungua kile kifungo cha tumboni, akashusha pumzi ndefu, akasema:

"Si utani. Niliambiwa, nikasema ni utani. Nikaambiwa tena, nikaamua kumhamisha aliyeniambia. Na kabla ya huyu kulikuwa na mwingine, nikafanya hivyohivyo. Asali ana kosa lake, mtamuuliza. Lakini mwenye kituo ni mimi, na nyie ndio mlionipa. Hapa kituoni tulijua, tukanyamaza. Nimemkagua mwenzangu leo. Kazi hiyo haihitaji mikono ile."

Yule mgeni mwanamke akakaa kwenye benchi. "Tuanze na hao wawili waliokuambia," alisema. "Nataka kuwasikia wao kwanza. Kuna kiti?"

"Kuna kimoja ofisini kwangu," Mkuu alisema, kisha akajirekebisha haraka. "Hapana. Hicho usikikalie."

Asali hakupanda gari tena. Alisimamishwa siku ileile, na baada ya kusikilizwa, yeye na wenzake waliokuwa wakicheka naye, akatolewa kazini. Idara haikumtupia yeye mzigo wote ikanawa mikono. Ilileta watu wake, ikasimama mbele ya kikosi kizima, ikakiri kwamba ilikuwa na wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake na haikuwalinda, ikawaomba radhi Ngazi na Dada wa Simu, kila mmoja kwa lake. Mkuu alipewa onyo kali, akanyang'anywa madaraka ya kupanga zamu, akapelekwa darasani mwezi mzima, akirudi jioni na begi kama mwanafunzi. Na kibati aliagizwa akiondoe yeye, kwa mkono wake, pale tu ndoano itakapokuwa tupu.

Si wote waliofurahi. Mmoja alinung'unika kwenye chai kwamba siku hizi hata utani umepigwa marufuku. Mzee Breki akamwambia, "Utani upo. Hebu tania, tukusikie." Yule akafikiri, akafikiri, mpaka chai yake ikapoa, na hicho ndicho kilichochekesha watu asubuhi ile.

Jumatatu moja, Ngazi aliingia ukumbini akakuta kiti kilichovunjika mguu kimewekwa katikati, na Mkuu amepiga magoti na nyundo na gundi, ulimi nje. Saa nayo ilikuwa imerudi ukutani. Ilikuwa bado haisemi kweli, ila ilikuwa inatembea.

Na kwenye ndoano ya mwisho, ile ya karibu na dirisha, kulikuwa na koti jipya. Aliyelivaa alisimama mbele ya Ngazi akijinyoosha mgongo, kwani mtungi aliuona mzito baada ya miaka ya kubeba simu tu.

Ngazi alimkagua. Macho, vidole viwili, kifungo, barakoa, kofi. "Uko salama, Dada."

Dada wa Simu naye akamzunguka, taratibu, asikose kitu. Alipomaliza akainua mkono, akampiga kofi juu ya kofia ngumu lililomfanya Ngazi aone nyota mchana.

"Mbona kofi lote hilo?"

"Nililiweka akiba tangu siku niliyopelekwa kwenye feni," Dada akasema. "Uko salama. Panda."